Mwenyekiti wa kamati kanifutia karne kumi na nane mbele ya mama mkwe, na mshikaki wangu kala

Wakuu, ndio nimeingia ndani, hata viatu sijavua. Wasimamizi naomba msiuhamishie huu uzi jukwaa la vichekesho kama mlivyofanya ule wa mwezi uliopita. Leo sicheki.

Mnamjua. Simtaji, maana nikimtaja tu, alfajiri atashusha bandiko la kurasa kumi na nne lenye herufi kubwa tupu. Yule wa "fanyeni utafiti". Yule ambaye ukiandika hapa umefiwa na kuku, yeye anauliza nani alinufaika. Huyo huyo. Sasa kumbe ndiye mwenyekiti wa kamati ya harusi ya shemeji yangu, na mimi nimekwenda kikaoni na mchango wangu mfukoni, nimechomekea, nimekaa nyuma ya mama mkwe kwa adabu zangu zote.

Tumefika kwenye mengineyo. Baba mdogo wa bibi harusi, Mungu amzidishie, akasema kwa wema tu kwamba mkwe wetu huyu anaandika historia mtandaoni, sasa hivi yuko kwenye vita vya Wagiriki. Nikajibu ndiyo baba, Vita vya Peloponnesos, Athens na Sparta, 431 mpaka 404 KK, nimefika sehemu ya tisa. Basi. Ni hayo tu. Sikumchokoza mtu.

Mwenyekiti akaweka chini daftari la michango. Akakohoa. Mnakijua kile kikohozi.

"Vita hivyo vimepiganwa miaka ya 1370 na 1380, baada ya Kristo. Mmedanganywa."

MBELE YA WATU AROBAINI. Ajenda ya ukumbi haijaisha, pilau haijajulikana anapika nani, yeye kamshusha Fomenko. Kwamba kuna mtaalamu wa hesabu wa Chuo Kikuu cha Moscow kagundua historia ya kale yote ni kivuli cha zama za kati, wanakili waliikopi mara mbili mbili na kuisukuma nyuma miaka kama 1800. Kwamba Vita vya Troya, vile vya farasi wa mbao, ni Vita vya Msalaba vilivyovaa kanzu. Kwamba Plato ni Plethon, yule mwanafalsafa wa Mistra wa karne ya 15, kwa kuwa majina yanafanana! Wakuu, mimi naitwa Hamisi. Muuza mkaa wa mtaani kwetu anaitwa Hamisi. Kwa hiyo yale madeni yake ni yangu?

Nikavumilia. Nikasema kwa upole, mwenyekiti, mwezi ulipatwa usiku wa tarehe 27 Agosti 413 KK, jeshi la Athens likiwa Syracuse, kule Sisilia, linajiandaa kuondoka, jemadari wao Nicias akawasikiliza waaguzi akangoja siku 27, wakaangamia. Usiku huo unapigiwa hesabu mpaka leo na unakubali.

Hapo ndipo aliponyoosha mkono, polepole, kama anayechukua chake, akanyofoa nyama ya mwisho kwenye mshikaki wangu, ile yenye mafuta niliyokuwa nimeiweka akiba, akatafuna, akameza, akaniuliza:

"Ulikuwepo?"

Ukumbi mzima ukaanguka. Mama mkwe alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani. Mama mkwe! Mwanamke ambaye miaka sita sijawahi kumwona meno.

ULIKUWEPO. Na nyama yangu mdomoni! Sawa, 413 KK sikuwepo. Na yeye 1380 alikuwepo? Lakini jibu hilo limenijia nikiwa juu ya bodaboda, nimebakiza kona mbili kufika nyumbani. Nikamwambia dereva geuza, akasema nafasi hiyo ni nauli nyingine.

Thucydides, aliyetuandikia habari za vita hivyo, alikuwepo, jamani! Alikuwa jemadari kwenye vita hivyo hivyo, akachelewa kuuokoa mji wa Amphipolis, wakamfukuza kwao miaka ishirini. Wale mateka zaidi ya 7,000 waliotupwa kwenye machimbo ya mawe ya Syracuse walikuwepo. Wamekufa kwa kiu na uvundo, halafu mtu wa daftari la michango anawahamisha karne kumi na nane huku anajichokonoa meno. Kwa kijiti CHANGU cha mshikaki.

Nawasilisha.

Kijiko Kimoja: Nimekaa siti ya dirishani. Swali moja tu mkuu, mshikaki ulikuwa wa ng'ombe au wa mbuzi?

Nyundo Baridi: Dah, umepigwa na kitu kizito. Ila tuwe wakweli, swali lilikuwa la ndiyo au hapana.

Mleta uzi: @Kijiko wa ng'ombe. @Nyundo Baridi wewe nakublock.

Bi Mdogo wa Ngamiani: Pole mwanangu. Lakini ukweni na 413 KK wapi na wapi? Ungesema unaandika habari za mapishi ungekula mshikaki wako kwa amani.

Sultani Kaptula: Kumbe na ninyi kawafikia? Wiki jana kalifunga gumzo letu la mpira. Ule mchezo wake wa kusoma majina bila irabu mnaujua? Watroyani ni TRN, Watarquini, wafalme wa kale wa Roma, ni TRKN, Waturuki ni TRK, kwa hiyo wote ni jamaa wamoja. Nimejaribu na mimi nyumbani. T, R, N. Turiani! Troya iko Morogoro ndugu zangu. Helena hakutoroshwa, alikwenda kukata miwa.

Kijiko Kimoja: Na farasi wa mbao alikuwa trekta la kubebea miwa. Nimefanya utafiti.

Nyundo Baridi: Achilles kachomwa kisiginoni na kisiki cha muwa. Kila kitu kinakubali, mbona mnabisha.

Mleta uzi: Wakuu mnacheka. Mtu kala nyama yangu akaniuliza ulikuwepo.

Mzee wa Gahawa: Tulieni kidogo vijana. Tusimfanye Fomenko mtu wa kijiweni. Hesabu anazijua kwelikweli, ni mwanachama wa Akademia ya Sayansi ya Urusi tangu 1994, na wakati fulani hata Kasparov wa sataranji alimsifia. Mbegu yenyewe aliipanda Morozov, mwanamapinduzi aliyekaa zaidi ya miaka ishirini kwenye magereza ya mfalme wa Urusi, akawa anazipiga upya tarehe za maandiko ya kale. Na hoja yao ya kupatwa kwa jua ina pa kuanzia. Thucydides anasema mwaka wa kwanza wa vita jua lilipatwa mpaka nyota zikaonekana. Ukilipigia hesabu jua la 431 KK, pale Athens halikufunikwa lote. Basi wakatafuta kupatwa kutatu, jua mara mbili na mwezi mara moja kama alivyoandika yeye, kunakokaa vizuri zaidi, Morozov akapata 1133, 1140 na 1151. Fomenko akaongeza kundi lake, 1039, 1046 na 1057.

Sasa kichekesho hiki hapa. Vita vyenyewe Fomenko kaviweka miaka ya 1370 na 1380, wakati wa zile vurugu za Wanavarra, askari wa kukodiwa, na Duchi ya Athens, dola ya zama za kati. Yaani jua limepatwa karne ya 11, vita vimekuja kupiganwa karne ya 14. Nicias aligombezwa kwa kungoja siku 27. Hawa wamengoja miaka mia tatu.

Mleta uzi: MZEE!! Ulikuwa wapi saa kumi na mbili jioni?

Nyundo Baridi: Hakuwepo.

Mleta uzi: 😡

Mwana wa Dimbani: Afadhali huyo wa Urusi. Kuna Mjerumani, Illig, yeye anasema miaka 614 hadi 911 haikuwahi kuwepo kabisa, imechomekwa kwenye kalenda. Haya, Hijra ni 622. Kwa hiyo Mtume kahama ndani ya mwaka wa hewa? Makhalifa wote wa mwanzo ni hewa? Msikiti wa mbao uliochimbuliwa Shanga, kule visiwa vya Lamu, wa karne ya nane, uliota wenyewe kama uyoga? Kwetu Kizimkazi mihrabu ina maandishi ya Kikufi, ule mwandiko wa kale wa Kiarabu, yenye mwaka wa 500 Hijria, ndiyo 1107 ya Mzungu. Mtu aliyechonga pale hakuuliza Moscow wala Ujerumani. Yeye alihesabu miezi miandamo, mmoja baada ya mmoja. Waislamu tunagombana kila mwaka kama mwezi umeonekana au haujaonekana, siku moja tu hiyo! Leo miaka 297 ipite katikati hapo asitokee hata shehe mmoja wa kubisha?

Bi Mdogo wa Ngamiani: Hapo umemaliza. Sisi kwa siku moja tu tunasali Idi mbili.

Mleta uzi: Hili la Hijra ningelisema pale kikaoni, wallahi mama mkwe angejifunga kanga vizuri. Jamani bado kanikaa kooni. Si ile nyama, ni ile sauti. "Ulikuwepo?" Kama anauliza chumvi iko wapi.

Mama Watatu: Mnalia na karne mnazofutiwa, mimi mwenye nyumba wangu anaziongeza. Nimelipa kodi ya miezi sita, mwezi wa tano kaja kugonga anasema imeisha. Nikamwonyesha risiti. Akasema Januari ilikuwa ndefu, kaihesabu mara mbili.

Sultani Kaptula: Hahaha, kwenye Januari sina cha kumlaumu. Ilikuwa ndefu kweli.

Kijiko Kimoja: Wangu mimi maji yakikatika anasema hayajawahi kuwepo. Mwezi wa tatu yalikuwepo, nimeyaoga mwenyewe. Ananiambia una picha?

Mama Watatu: Una picha! Kumbe wamesoma shule moja.

Mleta uzi: Turudi kwenye mada wakuu. Nimekumbuka kingine! Nyota yenye mkia ya Halley. Wababeli wameiandika kwenye vigae vya udongo, 164 KK na tena 87 KK, na vigae vipo. Wachina wameiandika 240 KK. Waingereza wameiona 1066 kabla Wanormandi hawajawavamia. Inarudi kila baada ya miaka kama 76. Babeli na China wamekaa wapi kikao cha kupanga uongo mmoja na nyota? Akiniuliza nilikuwepo, nitamwambia nyota ilikuwepo!

Mtaa wa Saba: Samahani naingilia, ndio nimefika. Hiyo ya kufuta wakati mngemwona fundi cherehani wangu. Nimempelekea kitambaa, nguo ya Idi. Idi imepita. Nimekwenda juzi namwambia fundi, Idi imepita. Kanitazama juu ya miwani, kaniuliza: "Una uhakika imepita?"

Nyundo Baridi: 😂😂😂 Uzi umepata mwenyewe.

Kijiko Kimoja: Fundi huyo ni akademia nzima peke yake.

Bi Mdogo wa Ngamiani: Wangu nilimpa kitambaa cha gauni, mtoto akiwa tumboni. Mtoto yuko darasa la pili. Juzi nimemwona mke wa fundi kavaa dera la maua yale yale, nikamuuliza, akasema hilo ni lingine, maua tu yanafanana.

Mzee wa Gahawa: Plato na Plethon.

Mama Watatu: Mimi wangu "njoo Ijumaa". Hasemi Ijumaa ya lini. Nimekwenda Ijumaa tisa.

Sultani Kaptula: Tisa mara tatu ni 27. Bado kumi na nane, uondoe na jeshi lako.

Mtaa wa Saba: Lakini haki yake tumpe, akishona anashona. Mkono wake hauna mfano. Koti la kaka yangu kalishona, watu waliuliza limetoka Dubai duka gani.

Mleta uzi: Yaani nimeandika habari za Babeli hamna hata mmoja aliyejibu. Mtu kanilia nyama, kanidhalilisha ukweni, na Jumamosi ya harusi ndiye atakayeshika maiki, lazima atarudia lile swali ukumbi mzima usikie.

Nyundo Baridi: Usiende. Ukiulizwa ulikuwepo, safari hii jibu utakuwa nalo.

Kijiko Kimoja: 😂 Au kula mshikaki kabisa nyumbani kabla ya kutoka.

Mama Watatu: @Mtaa wa Saba huyo fundi bei zake zikoje? Wangu nimechoka naye.

Mtaa wa Saba: Bei mnaelewana. Ila usimlipe yote, ukimlipa yote hakufahamu tena.

Mleta uzi: @Mtaa wa Saba na suti anashona? Nina kitambaa cha kijivu, mita tatu na nusu. Naihitaji Jumamosi.

Mtaa wa Saba: Jumamosi ipi?