Suti ya Armstrong: tuione au ifungiwe gizani?

Wakuu, jana kijiweni tumebishana hadi kahawa ikapoa. Ile suti aliyovaa Neil Armstrong mwezini Julai 1969 ipo makumbusho ya anga ya taasisi ya Smithsonian, pale Washington. Mimi nasema waitoe kwenye kioo, ikae stoo yenye baridi na giza, watu watazame nakala.

Watu wanadhani kitu kilichofika mwezini lazima kiwe kigumu kama chuma, kumbe ni tabaka 21 za vitambaa, plastiki na mpira, na ilitengenezwa itumike miezi tu sio miaka. Mpira ukizeeka haubembelezeki jamani, mimi raba zangu nilizitunza kabatini nikisubiri harusi, siku ya siku nanyanyua mguu soli imebaki sakafuni. Suti nayo ndo hivyohivyo, mpira wa ndani unakakamaa na kupasuka. 2006 wakaiondoa kwenye maonesho, 2019 wakairudisha, ya nini?

---

Mkuu nakupinga. 2015 Smithsonian walichangisha mtandaoni hela za kuitunza na kuionesha suti, watu zaidi ya 9,000 wakatoa dola zaidi ya 700,000, leo uwaambie hela tumepokea ila suti hamuioni? Na kabati la sasa sio lile la zamani, mwanga hafifu, hewa inachujwa, hata sanamu iliyovalishwa imeundwa hewa ipite kwa ndani.

---

Nyie mnabishania kioo, mi nauliza hela. Taasisi inapata fungu la serikali halafu inapitisha bakuli? Hiyo ni kulipa nauli mara mbili, kupanda na kushuka.

---

Samahanini naingilia. Suti imeshonwa na kinamama wa kiwanda cha Dover, Delaware, kampuni iliyojulikana kwa sidiria za Playtex. Pini zao zilikuwa zinachungwa kweli, maana moja ikisahaulika humo inatoboa mpira na mtu anakufa. Mama yangu ni fundi cherehani, akipoteza pini nyumba nzima tunainama chini. Mshono wa wale kinamama nakala inao? Ioneshwe.

---

Dada hapo kwenye pini umenibana. Ila kumbuka vumbi la mwezini bado limeng'ang'ania kwenye kile kitambaa, wahifadhi wameliacha makusudi, sasa kitambaa kikichakaa nalo mtalikusanya na ufagio? Haya, nashuka kidogo, miezi mitatu kwa mwaka kwenye kioo halafu stoo. Zaidi ya hapo sishuki.