Jibu: «Naivoli» ya sensa ya 1921 si Naivasha

Dada yetu wa Leeds na wanajumuiya wote,

Salamu kutoka Nairobi. Nimeitazama kwa makini picha ya ukurasa wa sensa ya Uingereza ya 1921 uliyotutumia, ambamo nyanya ya shemeji yako ameandikwa akiwa mtoto, na kwa heshima zote sikubaliani na shemeji yako anayesema kwamba nyanya yao alizaliwa Naivasha.

Aliyeinakili fomu hiyo kwenye kompyuta aliandika mahali pa kuzaliwa «Naivoli», jina ambalo huku hatulijui, na mtu akiliona huvutwa na Naivasha kwa sababu herufi nne za mwanzo ni zilezile. Tafadhali iache nakala uutazame mwandiko wenyewe, kwa maana fomu za sensa ile kwa kawaida zilijazwa na mkuu wa kaya, si karani. Katika mstari wa mkewe ameandika «Whitby, Yorkshire». Linganisha «b» ya Whitby na herufi ndefu iliyo karibu na mwisho wa jina tunalobishania: zote mbili tumbo halikufungwa, ndiyo maana moja imesomwa «l». Halafu itazame «r» ya Yorkshire, ambayo ameichonga chini kama «v». Baada ya ile herufi ndefu imebaki moja tu, nayo ina nukta juu. Naivasha ingeishia kwa «a», na «a» haina nukta. Hiyo ni Nairobi.

Umesema pia kwamba kwenye tovuti ya sensa ulitafuta kwa neno Kenya ukakosa. Koloni la Kenya lilipata jina hilo mwaka 1920, na sensa ilifanyika Juni 1921, kwa hiyo familia iliyokuwa imesharudi Uingereza iliandika jina ililolizoea, «British East Africa». Tafuta kwa jina hilo, au uache nafasi ya mahali wazi na kutumia jina la mtoto na umri wake.

Ukipeleka sahihisho kwa wenye tovuti, andika Nairobi, lakini nchi iache kama baba alivyoiandika. Majina ya zamani tusiyanyooshe: Machakos limetokana na Masaku, mzee wa Wakamba, wageni wakalitamka walivyoweza, na ndivyo lilivyoingia katika karatasi za serikali.

Nitumie jina kamili la nyanya, mwaka wa kuzaliwa na dhehebu la wazazi wake. Wiki ijayo nitakwenda Hifadhi ya Nyaraka pale Moi Avenue, na nitaulizia pia daftari za ubatizo.

Kaka yenu,
Pumwani