Rodi, rili na uzi wa kuvulia besi Naivasha: mngechukua seti ipi?

Samaki_wa_Lanet

Hamjambo wadau. Kambale nimewavua kwa mshipi wa mkono tangu utotoni, ila besi nimeanza juzijuzi tu, binamu yangu aliponipakia kwenye mashua yake pale Karagita. Sasa nataka vifaa vyangu mwenyewe. Pesa niliyo nayo inatosha seti moja, kwa hivyo naomba mnisaidie kulinganisha.

Ya kwanza ni rodi ya futi sita na nusu yenye rili (kifaa cha kukunjia uzi) ile inayoning'inia chini ya rodi, na nailoni ya pauni 12, yaani mvuto inaoweza kuhimili kabla ya kukatika. Ya pili ni rodi nzito ya futi saba yenye rili ya ngoma inayokaa juu, na uzi wa kusokotwa wa pauni 40. Ya tatu ndiyo anayoipenda binamu: niachane na hayo yote, nibaki na mshipi wa mkono na krefishi (kamba wa maji baridi) hai kwenye ndoano. Madukani kila mtu anasifu alicho nacho. Ninyi mnaoingia Naivasha mara kwa mara, mngechukua ipi? Na chambo bandia gani nianze nacho?

Mzee_wa_Kamere

Karibu, kijana. Kabla ya rodi, tazama samaki anakaa wapi. Besi hazururi katikati ya ziwa. Ni mviziaji. Hujibanza penye kivuli, akangoja windo lipite karibu, kisha akalirukia mara moja na kulifyonza kwa ule mdomo wake mpana ambao taya lake hufika nyuma ya jicho. Hapa Naivasha maficho yake makubwa ni ukingo wa mafunjo, magugu maji yanayosukumwa na upepo huku na huku, na migunga iliyozama. Maji yalipopanda sana mwaka 2020 migunga mingi ya ufukweni ilibaki majini, ikafa ikiwa imesimama. Ukitaka besi mnene, pita hapo.

Sasa fikiria: umemnasa, na kitu cha kwanza anachofanya ni kukimbilia shina la mti. Nailoni huvutika hata robo ya urefu wake kabla ya kukatika. Wakati yako inavutika, yeye ameshazunguka tawi, na wewe unashika rodi iliyokwama. Uzi wa kusokotwa karibu hauvutiki kabisa. Ukiinua rodi, na kichwa cha samaki kinainuka. Mimi nasema seti ya pili. Nenda nayo uwanjani kwanza, ujifunze kurusha kwenye nyasi, ndipo uingie majini.

Nyuzi_na_Ndoano

Mzee, shikamoo. Kwenye uzi nakuunga mkono. Kwenye rili ya ngoma hapana, hasa kwa mtu anayeanza.

Ndugu wa Lanet, elewa rili hiyo inavyofanya kazi. Ukirusha, ngoma yenyewe huzunguka ili kutoa uzi. Chambo kikianza kupunguza mwendo angani na ngoma bado inakimbia, uzi unamwagika na kufumana hapo hapo. Dawa yake ni kidole gumba: unaipapasa ngoma chambo kikiruka, unaisimamisha kikigusa maji. Hilo linajifunzika, lakini si kwa asubuhi moja, na upepo ukikujia usoni ni shida maradufu. Pia, rili hiyo na rodi nzito zinataka chambo chenye uzito. Chini ya gramu 10 hakivuti ngoma vizuri, na chambo kingi cha besi kiko hapo hapo kwenye gramu 7 mpaka 10. Ile ya chini haina usumbufu huo, kwa kuwa kigurudumu chake hakizunguki unaporusha. Uzi unatoka wenyewe kwa mizunguko.

Kosa la madukani ni kuuza seti kana kwamba lazima uichukue yote ilivyo. Omba rili ya seti ya kwanza, ukubwa wa 2500 au 3000, kwenye rodi ya futi saba ya uzito wa kati yenye ncha inayorudi haraka. Halafu waambie waifunge uzi wa kusokotwa wa pauni 20 badala ya nailoni. Uzi huo ni mwembamba, unaruka mbali, na una nguvu ya kutosha kwa besi wa Naivasha ambao wengi hawafiki kilo mbili. Mwisho wake unganisha nailoni ya pauni 15, urefu wa mita moja hivi, kwa sababu uzi wa kusokotwa ukisuguana na gome la mti au jiwe huchanika upesi kuliko nailoni nene.

Mvuvi_wa_Dunga

Habari kutoka Kisumu. Mimi nina rodi ya kukokotea chambo nyuma ya mashua, ya mbuta, na rili kubwa yenye uzi wa pauni 80. Nikija Naivasha siwezi kuitumia hiyo hiyo?

Mzee_wa_Kamere

Unaweza kuibeba, ila hutafurahia. Mbuta anaweza kufikia kilo makumi, na vifaa vyako vimeundwa kwa uzito huo. Rodi ile ni ngumu kiasi kwamba hutamsikia besi akionja mnyoo wa plastiki. Yeye hagongi kila mara. Wakati mwingine ni uzi tu unatembea pembeni. Tena Naivasha hatukokoti sana. Tunasimamisha mashua, tunarusha kwenye pengo dogo kati ya mafunjo, na kulenga ndiyo kazi yenyewe. Azima rodi nyepesi, mkubwa.

Na wewe Nyuzi, kile kipande cha nailoni kwenye miti sawa. Kwenye magugu maji mimi sikiweki. Kile kifundo cha kuungia hubeba majani, na ndipo panapokatikia.

Nyuzi_na_Ndoano

Kwenye magugu maji nakubali. Funga moja kwa moja.

Dada_Malewa

Mmezungumza uzi vizuri, lakini chambo mmekipita juu juu, na kwangu hapo ndipo siku inapoamuliwa.

Naivasha si ziwa la maji ya kioo. Samaki aitwaye kapi aliingia mwanzoni mwa miaka ya 2000, naye anakula kwa kuchimbachimba tope la chini. Mvua ikinyesha, mto Malewa nao unaleta udongo wake. Besi anawinda kwa macho, ila maji yakiwa hivyo hutegemea pia mstari wa ubavuni, ule unaohisi mtikisiko wa maji. Kwa hivyo karibu na mdomo wa mto au baada ya mvua, usitumie kitu kinachoteleza kimya. Tumia chambo cha kijiko, chenye waya uliokunjwa na bamba linalozunguka juu ya ndoano. Kinatikisa maji, na waya wake unakisaidia kupita kati ya vijiti bila kukwama. Kivute kwa mwendo mmoja, mkono ukisikia bamba likipiga. Usiposikia mapigo, unavuta polepole mno au kimebeba majani.

Wale samaki wa plastiki wenye mdomo wa kuzamia na ndoano za matawi matatu ni wazuri sana kwenye maji wazi, lakini kwenye migunga utaviacha vyote mtini. Usivinunue kwanza.

Chambo changu cha kila siku ni mnyoo au krefishi wa plastiki, wa hudhurungi au wa wekundu mzito. Sababu iko ziwani: krefishi waliletwa mwaka 1970, wakazaana, na besi wakubwa wanawala sana. Unakifunga hivi. Chukua chubwi dogo lenye umbo la risasi, tundu katikati, ulipitishe kwenye uzi liwe linateleza. Funga ndoano ya ukubwa wa 3/0, ile yenye shingo iliyokunjwa kidogo karibu na tundu. Choma ncha kwenye kichwa cha mnyoo, itoe pembeni baada ya nusu sentimita, vuta mpaka kichwa kikae shingoni, geuza ndoano, kisha rudisha ncha ndani ya mwili bila kuitokeza upande wa pili. Mnyoo ubaki umenyooka. Ukijikunja utazunguka majini na kusokota uzi wako. Kwa kuwa ncha imefichwa, unaweza kukirusha katikati ya matawi na kikatoka salama.

Kirushe, kiache kizame mpaka chini, uzi ukiutazama. Inua rodi kidogo, shusha, ngoja. Krefishi anatembea na kusimama, hakimbii moja kwa moja. Besi hukichukua hasa kikiwa kinashuka. Uzi ukiruka au ukitembea pembeni, kunja kwa rili uzi uliolegea, halafu vuta kwa nguvu, kwa sababu ndoano inabidi itoboe plastiki kwanza ndipo ifike mdomoni. Hapo utaona kwa nini Mzee anakataa uzi unaovutika.

Juu ya binamu yako: hajakosea kuhusu chakula, na kama unatafuta mboga ya jioni kwa gharama ndogo, krefishi hai anafanya kazi. Ila besi humeza chambo hai mpaka kooni. Ukipata mdogo, humrudishi akiwa mzima. Na mshipi wa mkono kwenye miti hauna rodi ya kumgeuza kichwa.

Shamba_Kakamega

Dada, asante kwa maelezo. Nina bwawa la ngege huku Kakamega. Je, naweza kubeba besi wachache wakiwa hai niwaweke humo, ili nivulie nyumbani?

Dada_Malewa

Usifanye hivyo, ndugu yangu, nakuomba. Kwanza watakula vifaranga vya ngege wako. Pili, bwawa likifurika siku ya mvua kubwa, wameingia mtoni, na hakuna atakayewarudisha. Besi wenyewe si wa hapa. Waliletwa Naivasha kutoka Marekani mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Ziwa hilo lilikuwa na kisamaki chake kidogo ambacho hakipatikani kwingine popote duniani. Mara ya mwisho kuonekana ni mwaka 1962, na besi ni miongoni mwa wanaolaumiwa. Kuhamisha samaki wageni kunahitaji idhini ya serikali, na kwa sababu nzuri. Njoo uvulie huku.

Samaki_wa_Lanet

Asanteni sana. Nitafuata ushauri wa Nyuzi: rili ya chini, rodi ya futi saba ya uzito wa kati, uzi wa kusokotwa wa pauni 20. Chambo ni cha Dada: mnyoo, krefishi wa plastiki na kijiko kimoja. Mzee, usinikasirikie kwa kuiacha ile ngoma. Mambo mawili yamebaki. Niende saa ngapi, na uzi huu naufungaje? Nimesikia kwamba unateleza.

Mzee_wa_Kamere

Sikasiriki, umepata uzi unaofaa na hilo ndilo nililolitaka. Ingia mapema, kukishapambazuka kabisa na ukiona vizuri mbele. Mchana upepo hupanda, ziwa likachafuka, mashua haitulii mahali pamoja. Usivue ukiwa umesimama ufukweni kwenye mafunjo. Viboko wanapita humo kutoka malishoni asubuhi na kwenda jioni, na anayesimama kati ya kiboko na maji anajiweka kwenye hatari ya kufa. Majini, ukiona vichwa vyao, nahodha azunguke mbali. Usimhimize asogee eti kuna mti mzuri hapo. Vaa jaketi la kuokolea maisha tangu mnaondoka, na upitie ofisi ya uvuvi Naivasha uulize kuhusu kibali.

Nyuzi_na_Ndoano

Kwa uzi: kwenye kigurudumu, zungusha kwanza nailoni kidogo, halafu unganisha ule wa kusokotwa juu yake. Ukiufunga wenyewe kwenye chuma unazunguka wote, utafikiri breki ya rili imeharibika. Jaza mpaka karibu na ukingo, ubakishe kama milimita mbili.

Kwenye ndoano tumia kifundo cha Palomar. Kunja uzi uwe maradufu, pitisha kitanzi kwenye tundu la ndoano, funga fundo la kawaida bila kukaza, kisha pitisha ndoano nzima ndani ya kitanzi. Lowesha kwa mate, vuta ncha zote mbili taratibu mpaka likae, kata ubakishe milimita tano. Kuunganisha kile kipande cha nailoni, tumia vifundo viwili vya aina iitwayo uni, vinavyovutwa vikutane. Upande wa uzi wa kusokotwa zungusha mara nane, nailoni mara tano. Baada ya kila samaki aliyetoka mtini pitisha vidole kwenye ile mita ya mwisho. Ukisikia mkwaruzo, kata ufunge upya kabla ya kurusha tena.