Mrejesho: kuficha ishara ndani ya faiba ya umma

Wakuu, niliuliza kama leza ya kubadilisha urefu wa wimbi inaweza kupitisha ujumbe wa siri kwenye faiba (waya wa kioo unaopitisha mwanga) inayobeba data za kila mtu. Nimesoma vyote mlivyonielekeza. Inawezekana, na wazo si jipya: Bernard Wu na Evgenii Narimanov wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walilichapisha mwaka 2006.

Kinachoficha ujumbe hasa si leza, ni kelele, yaani mwanga ovyo usiobeba ujumbe. Vikuza mwanga vya erbiamu, vifaa vya kuongeza nguvu ya mwanga kwenye faiba, huongeza kelele zao njiani. Unachukua mpigo mfupi sana wa mwanga, unautanua mpaka kilele chake kinazama chini ya kelele hizo. Ni kama kunong'ona Kariakoo mchana. Mpokeaji anayejua kiasi kamili cha mtanuko anaukunja upya, nao unachomoza. Asiyejua anaona kelele tu.

Leza peke yake, ikitulia kwenye pengo kati ya chaneli (mawimbi yaliyotengwa, kila moja na data yake), huonekana wazi kama mwiba kwenye kipima spektra, kifaa kinachoonyesha nguvu ya mwanga kwa kila urefu wa wimbi. Faida yake ni kurukaruka kati ya mawimbi kwa mpangilio wa siri.

Aliyeniambia nikumbuke vichujio alinisaidia sana. Kwenye vituo vya kugawa chaneli, vichujio hukata kilicho nje ya chaneli zilizoruhusiwa. Na data ikigeuzwa kuwa umeme kisha mwanga tena, siri inafia hapohapo. Kwa hiyo nabaki na faiba ya moja kwa moja, kasi ndogo, na usimbaji fiche (kuugeuza ujumbe usisomeke bila ufunguo) juu yake, maana kuficha peke yake hakutoshi.