Tupeane uzoefu: ulirudi Moshi au Arusha na digrii, ajira ilikupokeaje?

Kiboriloni Original: Wakuu, leo kwenye daladala ya Majengo kuna binti kakaa na bahasha ya kaki, kila kituo anaifungua kuhakikisha vyeti vipo. Nikakumbuka mbali. Moshi tuna KCMC, Ushirika, Mwenge, Mweka. Arusha kuna Uhasibu Njiro, Technical, Makumira. Vyuo kila kona, kazi ziko wapi? Mwenye mkasa autoe.

Mama Happy: Mimi nilirudi nikaulizwa ndoa kabla ya kazi. Napita.

Chalii wa Sakina: Arusha kazi zipo ila za msimu. Juni mpaka Oktoba simu inaita, masika yakiingia unaambiwa "tutakutafuta". Nina digrii ya uhasibu, nahesabu saruji kwenye duka la mjomba.

Njoro Flani: Hauko peke yako arif.

Mgumu Msomi: Ngoja niseme. Nilimaliza digrii ya biashara, nikakaa nyumbani Kibosho mpaka mzee akawa anakohoa kila asubuhi kwa namna ya kuuliza swali. Nikaingia Mlima Kilimanjaro kama mgumu, yaani mbeba mizigo ya wageni. Safari moja nikapangiwa choo. Wanaojua wanajua: kile cha plastiki cha wageni, unakibeba, unakisafisha, na unatakiwa ufike kambini kabla yao. Ilikuwa Desemba, Wabongo wanapanda kusherehekea Uhuru. Geti la Machame, foleni ya mizani, maana mzigo wa mgumu hautakiwi kuzidi kilo 20, nasikia mtu anaita "Mheshimiwa Waziri!" Mwili ukaisha nguvu. Chuo nilikuwa waziri wa mikopo serikali ya wanafunzi. Nageuka, ni jamaa tuliyelala chumba kimoja, sasa yuko benki Dar, kaja na wenzake wa ofisini, jaketi bado lina lebo. Bumu lake, ile hela ya mkopo, lilipokwama mimi ndiye niliyezunguka nalo ofisi hadi ofisi. Akakiangalia choo, akaniangalia mimi. "Uko na kundi gani?" Nikamjibu, "Lako." Njia nzima akawa anavizia niende mtoni ndiyo aingie chooni. Mpaka kambi ya Barafu, usiku wa kwenda kileleni, akaja hema la jiko, akaomba chai, akakaa na sisi. Kazi hatukuigusa. Tuliongelea maharage ya kantini.

Njoro Flani: Alikupa tipu?

Mgumu Msomi: Alimpa kila mtu sawa. Mimi akaniachia na buti.

Mama Happy: Buti?? Si angepeleka CV yako benki!

Chalii wa Sakina: Unadhani benki ni ya baba yake?

Meku Halisi: Turudi kwenye mada. Uchagani kila mtu kasoma, ndiyo maana tunabanana. Misheni walileta shule mapema, kahawa ikalipa ada, KNCU, ushirika wetu wa wakulima wa kahawa, ulianzishwa 1933. Ukoo mmoja unakuta digrii mpaka kwa mashemeji.

Longido Yangu: Punguza majigambo. Wewe shule ilikuwa nyuma ya mgomba, mimi bila bweni nisingefika popote. Nilikuwa wa kwanza kijijini kwenda chuo, wazee walichanga mbuzi. Ila niliporudi sikutembeza bahasha. Mradi wa maji ulikuwa unatafuta msomi anayeongea Kimaasai. Nyie mnagombania Moshi mjini, huku mwalimu akipangiwa kwetu analia, mwezi wa pili anaomba uhamisho.

Meku Halisi: Umebebwa na lugha tu.

Longido Yangu: Na wewe umebebwa na kahawa.

Kiboriloni Original: Jamani.

Mama Happy: Someni ufundi.

Njoro Flani: Fundi wangu Unga Limited ana diploma na bado anapiga miayo mpaka jioni.

Chalii wa Sakina: Fugeni kuku.

Mama Happy: Wangu wote waliondoka na kideri. Usinikumbushe.

Meku Halisi: Ombeni serikalini, kwenye Ajira Portal kujisajili ni bure.

Njoro Flani: Ukipata, Bodi ya Mikopo wanakata asilimia 15 ya mshahara.

Kiboriloni Original: Wanikate tu, si itakuwa nina mshahara!

Chalii wa Sakina: Mgumu, usicheke, nauliza kweli. Choo kinalipa kuliko mzigo wa kawaida?

Mgumu Msomi: Kwetu tipu yake inazidi kidogo. Masika yakiisha njoo PM, ila uje na soksi nzito.

Longido Yangu: Nani kamwambia huyu Meku kahawa inalipa ada mpaka leo?