Highbury ya Kikwajuni

JUMAPILI

Makame: Asalaam aleikum wana barza. Alhamisi hii tarehe 7 Mei inatimia miaka 20 ya mechi ya mwisho ya Arsenal yetu pale Highbury, uwanja wetu wa zamani London. Nimeipata nzima, tulivyowafunga Wigan 4-2. Tuitazame barzani kwa Ami Seif na watoto wetu, wajue tulikotoka. Mchango elfu tano kila mtu. Nani yumo?

Makame: Mbona kimya? Tiki za buluu naziona.

Vuai: Waaleikum salaam. Mie nimo. Pesa mwisho wa mwezi.

Makame: Mwisho wa mwezi siku itakuwa ishapita yakhe.

Rukia: Mimo. Bao la pili la Henry siku ile nililiona peke yangu, nyie mlikuwa msikitini 😂

Vuai: Adhana ya Magharibi kipindi cha pili! Ami akazima tivii, hakusema neno. Nilisikia ukelele wa mtaani niko rakaa ya pili.

Rukia: Nami niliiwasha tena mlipotoka tu.

Makame: Lakini penalti tuliiwahi. Henry kafunga la tatu, kapiga magoti kabusu majani. Ami alilia wallahi. Yeye alipafika pale, alisimama jukwaa la North Bank enzi za ubaharia wake, kabla hawajaivunja 1992. Ndo maana alituchorea ile saa ya jukwaa la Clock End ukutani. Haya, projekta nani anayo?

Vuai: Siku ile Tottenham waliumwa matumbo hotelini, wakafungwa 2-1 na West Ham, sie tukawapokonya nafasi ya nne ya ligi.

Rukia: Mie sijawapikia 🤣

Vuai: Urojo wako ungewamaliza kabla ya kupanda basi.

Makame: Jamani, PROJEKTA.

JUMATATU

Salim (London): Samahanini, nilikuwa kazini. Juzi nimepita Highbury. Kiwanja sasa ni bustani, majukwaa yamekuwa fleti. Lakini ukuta wa jukwaa la mashariki, ule wa 1936, umeachwa kama ulivyo. Sheria hairuhusu kuubomoa. Nilisimama pale nikamkumbuka Ami.

Makame: Allah amrehemu. Sie uwanja wetu wa Amaan ulikarabatiwa, ukafunguliwa tena Disemba 2023, na bado uko palepale. Mwanangu nampeleka namwonyesha nilipokuwa nikikaa na baba. Highbury huna pa kumpeleka mtoto. Tulikuwa na ile saa tu.

Rukia: Kule wameacha ukuta mzima. Sie saa moja tu imetushinda.

Vuai: Rukia, yashapita hayo.

Rukia: Yamepita kwako. Haji yumo humu, aseme kwa nini aliipaka chokaa.

Haji: Kulikuwa na harusi nyumbani.

Rukia: Harusi ya siku tatu, saa ya miaka kumi na tano.

Makame: Tusigombane. Haji, barza tunaipata Alhamisi au hatuipati?

(Haji kasoma, hakujibu.)

JUMANNE

Makame: Waliolipa mpaka sasa: mimi na Rukia.

Bi Time: Asalaam aleikum. Naandika mie mjukuu, bibi anasema niandike kama anavyosema. Haji msimlaumu. Mie ndiye niliyemwambia aipake ile saa. Nilikuwa kila nikifungua mlango namwona Ami yenu juu ya ngazi na kopo la rangi. Na Alhamisi mnayoitaka ni usiku wa Ijumaa, tunamsomea Yasini kila wiki, watu wanne tunakaa. Nyie wote mara ya mwisho kuja ilikuwa arubaini yake.

(Zikapita saa tatu, hakuna aliyeandika.)

Makame: Waaleikum salaam Bi Time. Shikamoo. Umesema kweli, tuwie radhi.

Rukia: Shikamoo Bi Time. Haji, nisamehe ndugu yangu.

Vuai: Tuwie radhi Bi.

Makame: Basi tuje Alhamisi saa kumi na moja kasorobo. Mechi ile ilianza saa kumi na moja. Ikiadhiniwa tunazima, tunasali, tunasoma Yasini. Kilichobaki cha mechi tutazame Ijumaa, au baada ya Isha Bi akiridhia?

Vuai: Projekta ya skuli inataka barua.

Salim (London): Mie nitume mchango kwa nani?

Makame: Kwangu. Bi Time, baada ya Isha inafaa?

Rukia: Mkate wa kumimina nipike mingapi?

Makame: Subiri Bi ajibu. Haji, na wewe njoo.