Aliyekimbia na akiba yetu amelazwa, hana wa kumwangalia. Tumpende vipi?

Mama Zawadi, Katwe
Bwana asifiwe, wapendwa. Mweka hazina wa kikundi chetu cha akiba hapa kanisani alitoweka na pesa za watu kabla ya siku ya kugawana. Sasa amepata ajali ya boda, yuko hospitali ya serikali, paja limevunjika na mguu umewekewa uzito wa kuuvuta. Hana ndugu Kampala, na wodini kila mgonjwa anatakiwa awe na omujjanjabi wake, yaani mtu wa kumhudumia. Nusu ya kikundi wanasema tusikanyage huko mpaka atubu na kurudisha. Upendo usio na masharti unafanywaje hapo, kwa vitendo?

Mzee wa Kasese
Mama, someni Luka 19 polepole. Mstari wa 5 Yesu anamwambia Zakayo lazima ashinde nyumbani mwake. Ahadi ya kurudisha mara nne inakuja mstari wa 8. Aliingia kwanza, toba ikafuata. Anayedai toba ndipo aende amepindua mpangilio wa Bwana mwenyewe.

Lakini deni halifutwi kwa uji. Andikeni kiasi kamili, wanachama watie sahihi, karatasi ikae kwa mchungaji. Litazungumzwa akishatoka, mbele ya wazee. Kando ya kitanda lisitajwe, hata kwa mafumbo. Na katika zile funguo tatu za sanduku la akiba asishike tena hata mmoja. Kusamehe ni jambo moja, kuaminiwa ni jingine; wanaochanganya hayo mawili ama hubaki na chuki, ama huibiwa tena. Mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa na utawala wa Idi Amin, Askofu Festo Kivengere alikimbia nchi. Akatangaza kwamba anampenda Idi Amin, wala hakuacha kuyataja maovu ya utawala ule.

Nesi wa Arua
Naongeza ya wodini. Bebeni beseni, jerikeni ya lita 5, sabuni, shuka mbili, blanketi, kikombe, sahani na glavu. Muulizeni nesi wa zamu kabla ya kumgusa.

Ule uzito unaovuta mguu lazima uning'inie huru. Ukigusa sakafu au ukiegemea kitanda hauvuti tena, na mfupa unaweza kuunga vibaya. Msiunyanyue kumpunguzia maumivu, hata akiwasihi, mwiteni nesi. Msimgeuze wenyewe pia. Nesi atawaonyesha jinsi ya kumsaidia anyanyue makalio kidogo kila baada ya saa mbili, ili ngozi ipumue. Kagueni kisigino na chini ya kiuno kila siku. Mkiona wekundu usiopotea, semeni siku hiyo hiyo, kabla hakijawa kidonda.

Uji peke yake hautoshi: maharage, mayai, dodo (mchicha), na maji mengi. Na hapa nawaomba muwe makini sana. Wagonjwa wa namna hii hupunguza maji makusudi, kwa aibu ya kuomba chombo cha haja, halafu choo kinafunga. Aliyewaibia ataona aibu mara mbili. Mpelekeeni chombo kabla hajaomba, mmoja ashike kitenge kumkinga, mwingine ageuze uso. Kuoga asaidiwe na wanaume.

Paja la mtu mzima huvutwa hivyo wiki 6 hadi 12. Siku ya kwanza huja watu kumi na nyimbo, wiki ya tatu kitanda kiko peke yake. Afadhali watu sita wenye zamu iliyoandikwa.

Mwinjilisti, Mbarara
Pesa ya dawa asipewe mkononi; nunueni kwa karatasi ya daktari, risiti ibaki, watu wawili wajue. Yule Msamaria alitoa dinari mbili, mshahara wa siku mbili, akaahidi kurudi kulipa kitakachozidi. Alijua anatoa nini na atarudi lini. Tena, msimpige picha kuweka kwenye WhatsApp ya kanisa. Picha hiyo itamfanya alipie uji wenu kwa heshima yake.

Mama Zawadi, Katwe
Asanteni sana. Waliokubali ni watano, wanaume watatu. Zamu ya kwanza kesho saa moja asubuhi. Beseni na shuka zipo, blanketi bado. Aliye na la ziada alilete ibada ya jioni leo.